Ndege Hupimwa Safu ya Nyuma

Wasee, leo tuongee kuhusu hizi video za kulinganisha ndege. Najua umeziona. Msee anaingia ndani, anageuka upande wa siti kubwa, anaonyesha mlango wa siti yake (ndiyo, siku hizi kuna siti zenye mlango), anamiminiwa kinywaji, anapewa pijama za bure, analetewa nyama yenye mchuzi uliochorwa kwa sahani kama saini ya daktari. Mwishoni anatoa hukumu: kampuni hii nyota tano, ile nyota tatu. Watu wanatazama mpaka intaneti inaisha. Mimi pia natazama, nikiwa kwa matatu Jogoo Road, magoti yamegusa siti ya mbele, na nafurahia kama mtu anayetazama mapishi akiwa na njaa.

Shida yangu ni hesabu. Chukua Boeing 787-8 za Kenya Airways, zile Dreamliner zilizoanza kwenda New York moja kwa moja Oktoba 2018. Ndani kuna siti 234. Za bizinesi ni 30. Zinazobaki, 204, ni za ikonomi. Yaani kila ndege ikijaa, karibu watu 87 kwa kila 100 wamekaa mahali ambapo kamera ya yule msee haifiki. Anapima sebule ya mwenye nyumba halafu anatuambia ploti nzima iko sawa.

Mimi si rubani na si tajiri. Nimesafiri nje mara chache, zote ikonomi. Tiketi nyingine ililipwa na waliotualika kwa warsha, nyingine nilichanga mwenyewe mpaka nikasahau ladha ya chipsi. Lakini nimekaa nyuma kiasi cha kuwa na maoni, na maoni yangu ni haya: siti, chakula na huduma si vitu vitatu vyenye uzito sawa. Kimoja kinaamua safari, na ndicho hakuna anayekirekodi.

Tuanze na siti, kwa sababu huko ndiko watu hupoteza doo.

Watu huuliza, "Kampuni gani iko na siti poa?" Swali lenyewe limekaa vibaya. Kampuni moja inaweza kuwa na aina nne za ndege, na kila aina ina mwili wake. Swali la maana ni: safari hii inatumia ndege gani? Boeing 777 ilipoanza kuruka miaka ya 90, kampuni nyingi zilipanga siti tisa kwa kila safu ya ikonomi. Siku hizi nyingi, Emirates wakiwemo, wamepanga kumi: tatu, nne, tatu. Ndege haikunenepa. Waliopungua ni sisi, maana kila mtu alimegewa inchi yake akapewa wa kumi. Airbus A350 kwa kawaida hupangwa tisa, na siti yake inafika karibu inchi 18 kwa upana. Ya 777 yenye kumi ni karibu inchi 17. Inchi moja ukiisoma hapa ni kichekesho. Ukiikalia saa saba karibu na msee mwenye mabega ya kubeba mizigo Muthurwa, utaielewa.

Dreamliner nayo ina siri nyingine. Hewa ya ndani ya ndege nyingi inawekwa kama uko juu ya mlima wa futi kama 8,000. Kwenye 787 inawekwa kama futi 6,000, na unyevu wa hewa ni mwingi kiasi. Kwa sisi wa Nairobi, mji ulio juu ya futi 5,000, hiyo ni karibu kama kubaki tu nyumbani. Ndiyo maana unashuka kichwa hakijakuuma sana na midomo haijapasuka kama ardhi ya kiangazi. Halafu dirisha halina pazia la kuvuta, lina kitufe cha kulitia giza. Hiyo ya kitufe ndiyo hurekodiwa. Ile ya hewa, inayokusaidia kweli, haionekani kwa video.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, angalia aina ya ndege. Huwa imeandikwa pale pale chini ya saa ya kuondoka, kwa maandishi madogo. Ukiona nauli mbili zinakaribiana, hapo ndipo pa kuamulia.

Sasa chakula. Hapa nitawatetea watu wasiotetewa.

Kila mtu anasema chakula cha ndege hakina ladha. Ukweli ni kwamba kosa si la mpishi peke yake. Ulimi wako wenyewe umebadilika. Huko juu hewa ni kavu na shinikizo liko chini, pua inakauka, na bila pua ladha nyingi hupotea. Mwaka 2010 Lufthansa walitaka kujua mbona abiria wao wanapenda sana juisi ya nyanya wakiwa hewani kuliko wakiwa chini. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, wakawakalisha watu ndani ya kipande cha ndege kilicho ardhini, wakapunguza shinikizo la hewa na kuwawashia kelele za injini, kisha wakawalisha. Chumvi ikapotea, sukari ikapungua, lakini nyanya ikabaki na nguvu. Kwa hivyo ukiwa na uchaguzi, chagua chenye mchuzi wa nyanya, pilipili au viungo vizito. Samaki mweupe wa kuchemshwa muachie mwenye imani.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: hakuna mtu anayekupikia huko juu. Chakula hupikwa chini, hupoozwa, hupakiwa, kisha hupashwa moto ndani ya ndege. Mara nyingi hupikwa kwenye mji ambao ndege inaondokea, na jiko moja linaweza kupikia kampuni kadhaa. Kwa hivyo ukiondoka JKIA ukasema "chakula cha Wazungu hawa ni kibaya," huenda kimepikwa hapo Embakasi na jirani yako.

Tofauti zipo, hata hivyo. Kwa maoni yangu, Turkish wanajua kiamshakinywa: zeituni, jibini, mkate wa moto. Ethiopian wana kahawa inayojua ilikotoka. Emirates na Qatar chakula chao chote ni halali, na kwa abiria Muislamu kutoka Eastleigh au Mombasa hilo ni zaidi ya ladha. Ni kula bila kuuliza uliza. Pia kuna mbinu ambayo wazoefu hawaitangazi: ukiagiza mlo maalumu mapema, angalau siku moja kabla, kwa mfano wa mboga wa Kihindi, mara nyingi unaletewa kabla ya wengine wote. Viungo viko, na wewe unamaliza kula kabla kigari hakijafika safu ya kumi.

Lakini siti mbaya unaivumilia, na wali mkavu unausahau ukifika. Nisikilize sasa kwa hii ya tatu.

Sisi vijana wa Nairobi tunajua kupima vyombo vya usafiri kuliko mtu yeyote. Tumekulia kwa nganya. Tunajua ya Rongai iliyo na michoro mipya, tunajua iliyo na skrini hadi nyuma, tunajua ambayo besi yake inakutikisa meno. Tunaziacha tatu zipite tukingoja moja. Sawa. Lakini muulize mtu mbona aliapa hatapanda tena nganya fulani. Hatakwambia rangi. Atakwambia makanga. Makanga alimsukuma mamake. Makanga alikataa kurudisha chenji ya mtoto wa shule. Makanga alimwambia mzee, "Shuka haraka, unatuchelewesha." Muziki ulikuwa poa, michoro ilikuwa moto, na hakuna anayekumbuka.

Ndege ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba huwezi kuitisha ushukie hapo kwa steji.

Kuna njia ambayo video za nyota tano huwa hazitaji kabisa: Nairobi kwenda Ghuba, saa tano hivi za usiku. Kampuni nyingi hupita huko, na sitataja hata moja katika hizi stori mbili, ili msiseme nimelipwa kumchafua mtu ama kumsafisha. Ukipanda hiyo njia utawaona. Wasichana wa umri wetu, wengine wamevaa fulana za rangi moja za wakala, bahasha ya karatasi kifuani, wanaenda kazi za nyumbani Riyadh, Doha, Dubai, Jeddah. Wengi ni mara yao ya kwanza kuingia ndege. Wanakaa nyuma. Hawaulizi kitu, kwa sababu wamekuwa wakiambiwa mwezi mzima wasisumbue.

Safari moja nilikaa karibu na dada wa kutoka Bungoma. Kigari kilipofika, mhudumu alisema neno moja la Kiingereza, haraka, kama anayetema mbegu ya chungwa. Dada akanyamaza. Mhudumu akarudia kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba shida ilikuwa masikio. Dada akatingisha kichwa kukataa. Kigari kikapita. Nilimuuliza kwa nini hali, maana nilikuwa nimemsikia tumbo. Akaniambia polepole, "Si nitaambiwa nilipe? Mimi sina pesa ya huko."

Alikuwa hajala tangu asubuhi, amekaa mbele ya chakula ambacho tayari kililipiwa ndani ya tiketi, na hakuna aliyemwambia. Nilibonyeza kitufe, nikaongea, akaletewa, trei ikawekwa bila neno. Alikula akiiangalia njia, kana kwamba mtu angerudi kuichukua.

Miezi kadhaa baadaye, njia hiyo hiyo, kampuni tofauti. Siti zilikuwa za zamani, na skrini yangu haikuguswa ikaitika mpaka niipige kofi. Kwa video ingepata nyota mbili. Lakini kulikuwa na mhudumu mmoja Mkenya. Kabla ndege haijaondoka alipita safu za nyuma, akachuchumaa kwenye ile njia ya katikati akawa sawa na macho yao, akasema kwa Kiswahili cha kawaida, "Dada zangu, chakula na maji vyote vimeshalipwa kwa tiketi, msiogope kuitisha. Choo kiko pale nyuma, mlango unausukuma katikati. Masikio yakiziba, mezeni mate. Mkinihitaji bonyezeni hapa." Nilipima kwa simu yangu baadaye nikiirudia maneno hayo kichwani: hayafiki dakika moja. Zile safu zote zililegea mabega. Mmoja akacheka. Mwingine akauliza kama tungepita juu ya Wajir, kwa sababu shangazi yake anaishi huko.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba huduma si tabasamu. Tabasamu hata mashine ya ATM ingekuwa nalo kama wangetaka. Huduma ni mtu kukupa habari unayohitaji kabla hujaaibika kuiuliza.

Najua utasema nawaonea wahudumu. La. Kazi yao ya kwanza hata si kukupa kuku. Sheria za usafiri wa anga katika nchi nyingi zinataka angalau mhudumu mmoja kwa kila siti 50, na hiyo ni kwa sababu ya usalama. Aina ya ndege haipewi kibali mpaka ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Yule dada unayempigia vidole akuletee soda ndiye atakayekutoa kwa moshi. Na sisi abiria tuna maneno yetu pia. Tunasimama kabla taa ya mkanda haijazimwa. Tunaweka mabegi ya wengine chini ili yetu yapate nafasi. Kuna mwenzetu aliyeitisha chakula mara tatu akakasirika kunyimwa mara ya nne. Mtu mmoja kuhudumia 50 kama hao usiku wa manane ni kazi ya moyo.

Lakini fikiria hilo la sekunde 90 tena. Kama abiria haelewi lugha unayotumia kumpa kuku, ataelewaje ukimwambia aache begi na akimbie? Yule anayeogopa kubonyeza kitufe kuitisha maji atakibonyeza akiona waya unatoa moshi? Lugha ni sehemu ya usalama, kama mkanda.

Na sitaki kuambiwa haiwezekani. Kenya Airways hukukaribisha kwa Kiswahili. Emirates hutangaza mwanzoni lugha ambazo wahudumu wa safari hiyo wanazungumza, ili ujue wa kumuita. Wakenya wako kibao kwa kazi ya uhudumu katika kampuni za Ghuba. Kampuni inayojaza ndege zake na vijana wetu kila usiku inajua vizuri ni nani amekaa safu ya 38. Inajua majina yao, paspoti zao na mwajiri anayewangoja. Kurekodi maagizo ya dakika mbili kwa Kiswahili ni rahisi kuliko mlango mmoja wa siti ya bizinesi. Wakikosa kufanya hivyo, ni kwa sababu hawakumfikiria huyo abiria kama mteja. Walimfikiria kama mzigo unaopumua.

Kwa hivyo mimi nina vipimo vyangu vitatu, na sihesabu nyota.

Cha kwanza: mtu anayepanda mara ya kwanza, asiyejua Kiingereza vizuri, anaweza kula, kwenda choo na kujaza fomu bila kuaibishwa?

Cha pili: safu ya mwisho inapata kuchagua? Kuna ndege ambazo ukifika nyuma "kuku imeisha" kila siku ya Mungu, na watu wa nyuma hula kilichokataliwa na wa mbele. Kampuni inayojali huanza na vigari viwili, kimoja kutoka mbele, kimoja kutoka nyuma, ama hubeba akiba.

Cha tatu: sauti. Sikiliza mhudumu akiongea na mzungu wa 22C, halafu umsikilize akiongea na msichana wa 38E. Kama ni sauti moja, hiyo kampuni iko sawa, hata kama skrini inataka kofi. Kama ni sauti mbili, hata wakikupa pijama za hariri, umeshaona bei yao.

Na kwa kuwa kampuni zinaweza kuchelewa kubadilika, hii kazi tuifanye sisi leo. Kila mtaa una mtu anayesafiri mwezi huu. Ni binamu, ni jirani, ni yule mliyemaliza naye fomu foo. Wakala atamwambia mambo mengi kuhusu kazi na hatamwambia hata moja kuhusu safari. Mpigie simu umwambie haya: chakula na maji kwenye hiyo ndege, kama tiketi inasema mlo umejumuishwa, ni vyako, itisha. Vaa sweta, huko juu kuna baridi. Beba kalamu yako mwenyewe. Paspoti, nakala ya mkataba na namba za simu za watu wa nyumbani ziandike kwa karatasi, maana simu itazima. Picha za hizo karatasi zitume nyumbani kabla hujaingia ndani ya JKIA. Ukikosa kuelewa tangazo, bonyeza kitufe chenye picha ya mtu, si aibu, ndiyo sababu kiliwekwa hapo. Ukipata Mkenya kwa wahudumu, msalimie kwa Kiswahili. Uso wake utabadilika, utaona.

Na wewe mwenye kamera, ukibahatika kulipiwa siti yenye mlango, rekodi hiyo siti, hatukatai, tutatazama. Halafu ukimaliza kula, inuka utembee mpaka safu ya mwisho karibu na choo, usalimie waliokaa hapo, uwaulize walikula nini na waliambiwa vipi. Hiyo dakika moja iweke mwanzo wa video.